Fedha ya Ugenini

Mwanzoni mwa Januari 1871 alishuka Unguja mwandishi wa gazeti la New York Herald, Henry Morton Stanley. Alikuwa ametumwa kumtafuta David Livingstone, ambaye kwa muda mrefu habari zake hazikuwa zimefika pwani. Njia ya bara ilikuwa na mengi ya kuogopesha, lakini jambo la kwanza lililomkwamisha lilikuwa la sokoni: huko aendako, unga na mbuzi atavinunua kwa nini?

Mjini Unguja hapakuwa na shida. Watu walitumia reale ya fedha yenye sura ya Malkia Maria Theresa wa Austria. Sarafu hiyo iliendelea kupigwa na mwaka 1780 juu yake miaka mingi baada ya malkia kufariki, kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi walikuwa wameshaizoea na hawakutaka sura nyingine. Lakini ukishaipa pwani mgongo, nguvu ya reale ilikwisha. Vitabu vya wapelelezi waliotangulia havikumsaidia Stanley katika jambo hili. Akaenda kumuuliza anayejua, mfanyabiashara Mwarabu wa mjini aliyeitwa Sheikh Hashid.

Aliyoambiwa hapo yalikuwa elimu kamili. Doti 10 za nguo kwa siku, yaani yadi 40, zatosha kununua chakula cha watu 100. Stanley akapiga hesabu ya miaka 2: yadi 16,000 za merikani, yadi 8,000 za kaniki na yadi 5,200 za nguo za rangi. Merikani ilikuwa nguo ya pamba iliyoletwa na meli za Marekani, ndiyo maana ikabeba jina la kwao. Baada ya nguo zikafuata shanga, na hapo ndipo kichwa kilipomuuma. Shanga nyeusi zilikubaliwa Ugogo, lakini kwingine hakuna aliyezitaka. Sungomaji, ushanga mkubwa mfano wa yai la njiwa, ulikuwa mali Ujiji na ng'ambo ya ziwa, lakini ungekataliwa njia nzima ya kufikia huko. Nyeupe zilipendwa Ufipa, zikadharauliwa Ukonongo. Msafiri aliyekosea rangi angeweza kufa njaa huku amekalia magunia ya mali. Stanley akanunua magunia 22 ya shanga za aina 11, akaongeza frasila 10 za nyaya za shaba kwa ajili ya nchi za mbali zaidi.

Mizigo yote ilikaribia tani 6, na sehemu yake kubwa ilikuwa ni hiyo fedha ya njiani. Misafara yake 5 ilikuwa na watu 192 kwa jumla. Mpagazi alibeba fedha kichwani mchana kutwa, na jioni sehemu ya fedha hiyo ikatolewa kumnunulia chakula ili kesho aweze kubeba iliyobaki. Na mtaji wa kununulia vitu vyote hivyo ulipatikana kwa sababu Francis Webb, balozi mdogo wa Marekani pale Unguja, alimwamini mgeni huyo na kumsimamia.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu swali la Stanley ni la kila anayevuka bahari hadi leo. Binti anayekwenda kusoma Guangzhou, mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuata bidhaa Dubai na mzee anayekwenda hija wote hulazimika kulijibu kabla ya kufunga begi. Wengi wetu huanza kwa kujiuliza, nina fedha gani? Sheikh Hashid alianza upande wa pili: unapita nchi gani, na watu wa huko wanaamini nini? Historia ya malipo ya ugenini inampa haki sheikh.

Barua ya Aswan

Miaka zaidi ya 800 kabla ya Stanley, msafiri mwingine alikwama bandarini kwa kuishiwa. Nasir Khusraw, Mwajemi aliyekuwa mwanafalsafa na mshairi, alitoka Misri mwaka 1050 kuelekea Makka. Alifika Aydhab, bandari ya Bahari ya Shamu, akakaa miezi 3 akingoja chombo. Fedha ikaisha. Alikuwa na kitu kimoja tu cha kutegemea: alipoondoka Aswan, rafiki yake wa huko alimwandikia barua ya kumpelekea wakala wake wa Aydhab. Barua ilimwagiza wakala ampe Nasir chochote atakachoomba, achukue hati ya mapokezi na deni aliandike kwa aliyeiandika barua.

Nasir aliona haya kuitumia, lakini shida haina haya. Wakala aliisoma, akasema mali ya bwana wake iliyoko mkononi mwake ni nyingi, basi mgeni aseme anataka nini. Nasir akachukua mani 100 za unga, kipimo cha siku hizo, na hati ikatumwa Aswan.

Mwaka uliofuata safari yake ilimkwamisha tena, safari hii Falaj, kijiji cha jangwani katikati ya Arabuni. Huko hapakuwa na wakala wala barua, na wenyeji wenyewe walikuwa fukara. Mali yake ilikuwa vikapu viwili vya vitabu. Msikitini pale Nasir alikuwa na rangi kidogo, nyekundu na samawati, akaitumia kuupamba ukuta. Wenyeji hawakuwa wameona kitu kama kile. Wakakubaliana naye aipambe mihrabu, na ujira ukawa mani 100 za tende. Vitabu vyake havikuwa na mnunuzi Falaj, lakini ustadi wa mkono wake uliwavutia, nao ukageuka chakula.

Mwishoni mwa 1051 alifika Basra akiwa hoi, nguo zimechakaa. Katika mji huo aliona utaratibu alioukumbuka vizuri kiasi cha kuuandika. Kila mwenye mali aliiweka kwa msarifu wa fedha, akapewa hati. Akinunua kitu sokoni, alimwandikia muuzaji hawala, na muuzaji akaenda kuchukua chake kwa msarifu. Muda wote mfanyabiashara akiwa Basra, hawala hizo zilimtosha. Hakuhitaji kushika dinari. Neno letu sarafu lina undugu na jina la msarifu yule, na hawala nalo tunalo hadi leo. Mswahili akisema "nimetuma hawala" anataja jambo lililokuwa kazini Basra karibu miaka 1,000 iliyopita.

Kauri moja, bei mbili

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta wa Tanja alifika Kilwa, mji uliokuwa ukipiga sarafu zake mwenyewe za shaba zenye majina ya masultani. Sarafu hizo zilisafiri kuliko watu wengi. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia aliokota 5 katika mchanga wa kisiwa kimoja cha Wessel, kaskazini mwa nchi yake.

Baadaye Ibn Battuta aliishi Maldivi, ambako watu walilipana kwa kauri, au simbi kama waitavyo wengine. Dinari moja ya dhahabu ilibadilishwa kwa kauri 400,000. Miaka ilipita, msafiri akavuka Sahara hadi dola ya Mali, akaikuta kauri ileile sokoni. Huko dinari moja ilipata kauri 1,150 tu. Gamba lile halikubadilika rangi wala ukubwa. Kilichobadilika ni umbali kutoka baharini lilikotoka, na pengo kati ya bei hizo mbili lilikuwa riziki ya kila mfanyabiashara aliyelibeba njiani. Uganda kauri iliacha alama ambayo haijafutika: kwa Kiganda fedha bado huitwa ensimbi.

China ilimshangaza kwa njia nyingine. Mgeni aliyekwenda sokoni na dirhamu ya fedha au dinari ya dhahabu hakuuziwa kitu mpaka aibadilishe kwa karatasi za dola. Madini ambayo dunia nzima iliyatamani hayakununua hata kitoweo, ilhali kipande cha karatasi chenye mhuri wa mfalme kilinunua kila kitu.

Pesa yawasili

Turudi Unguja. Reale ilikuwa kubwa mno kwa manunuzi ya kila siku. Hakuna awezaye kumkatia muuza ndizi kipande cha Maria Theresa. Zamani chenji ilitolewa kwa mtama. Katikati ya karne ya 19, enzi za Sayyid Said, zikaletwa kutoka India sarafu ndogo za shaba zilizoitwa paisa. Waswahili wakaziita pesa. Mwaka 1882 Sultani Barghash alipiga pesa na reale zenye jina lake mwenyewe. Sarafu zimekufa, jina limebaki, likapanda cheo kutoka shaba ya kununulia ndizi hadi kuwa fedha zote.

Wafanyabiashara wa Kihindi waliokaa Unguja na Mombasa walileta pia hundi. Mtu aliandika karatasi Unguja, mwenzake akalipa Bombay. Misafara mingi ya pembe za ndovu ilitoka kwa mali waliyoitoa wao kwa mkopo, na deni likarudi baada ya mwaka au zaidi likiwa limebebwa mabegani mwa watu. Ulikuwa utaratibu wenye nguvu na wenye ukatili pia, maana biashara hiyohiyo ilikwenda sambamba na ile ya watumwa.

Livingstone aliujua udhaifu wa utaratibu huu. Mali yake ilitumwa kutoka pwani hadi Ujiji, ikakabidhiwa mtu wa kuitunza. Alipofika Ujiji Oktoba 1871, amechoka na mgonjwa, alikuta mwenye dhamana ameiuza yote kwa pembe za ndovu. Akabaki na vitambaa na shanga kidogo tu. Hazikupita wiki nyingi Stanley akaingia mjini na mizigo yake. Kwa Nasir wakala alikuwa mwaminifu na barua ikageuka unga. Kwa Livingstone mlinzi hakuwa mwaminifu, na mali halisi, inayoshikika, ikayeyuka.

Kicheko cha Nsanda

Stanley mwenyewe alipata somo lake la pili mwaka 1877. Safari hiyo alikuwa amevuka bara zima, kutoka pwani ya Waswahili kufuata mto Kongo hadi karibu na Atlantiki. Sisemi hivyo kumsifu. Njia ile ilijaa risasi na makaburi, na ilimfungulia mlango Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Walioibeba safari walikuwa waungwana wa Unguja na pwani, wanaume kwa wanawake na watoto wao, na lugha ya kambi ilikuwa Kiswahili. Wengi waliotoka pwani hawakufika mwisho.

Mapema Agosti walifika kijiji cha Nsanda wakiwa 115, njaa imewakaba. Bado walikuwa na nguo, shanga na nyaya, fedha ileile iliyokuwa imewapitisha bara. Wenyeji waliziona wakacheka. Eneo lile lilikuwa limezoea bidhaa za meli za Ulaya, na chakula kiliuzwa siku ya soko tu. Mali iliyowavusha nchi nyingi ilifia hapo, siku chache kabla ya bahari.

Stanley akaandika barua kwa yeyote wa mji wa Boma ajuaye Kiingereza, akaiandika pia kwa Kifaransa na Kihispania. Aliomba chakula kwa ahadi ya kulipa, na mwishoni akaongeza kwamba kama hawamjui, yeye ndiye aliyempata Livingstone. Ikachukuliwa na vijana wa msafara, Uledi na Kacheche na Robert Feruzi wakiwamo. Wazungu wa duka la kampuni ya Kiingereza pale Boma waliisoma, wakatuma mchele, samaki, viazi na nguo. Tarehe 6 Agosti chakula kikafika kambini. Shanga zilipokataliwa, lililokubaliwa lilikuwa jina. Lakini tukumbuke miguu iliyolifikisha jina hilo. Vijana wale walitembea na njaa ile ile iliyowakaba wenzao, na bila wao barua ingebaki karatasi.

Saini mbili

Ulaya nako wasafiri wenye uwezo walikuwa wakibeba barua za benki. Mwaka 1772 Robert Herries wa London alianzisha hati za mzunguko zilizoweza kulipwa katika miji mingi ya Ulaya, na mwaka 1874 kampuni ya Thomas Cook ikatoa za kwake kwa watalii. Tatizo lilikuwa kwamba barua ya benki ilifahamika katika miji mikubwa tu. Mkuu wa American Express, J. C. Fargo, aliligundua hilo mwenyewe alipozuru Ulaya. Nje ya miji mikubwa karatasi yake haikumpa kitu, na yeye alikuwa tajiri. Aliporudi alimtaka Marcellus Berry, mfanyakazi wake, atafute dawa.

Dawa ya Berry, iliyotoka mwaka 1891, ilikuwa rahisi kiasi cha kushangaza. Mnunuzi wa hundi ya wasafiri anatia saini anapoinunua, kisha anatia ya pili mbele ya anayeipokea. Zikifanana, analipwa. Mwenye hoteli katika mji mdogo hakuhitaji tena kumjua mgeni wala benki yake. Alilinganisha mwandiko kwa macho yake mwenyewe. Na hundi ikipotea au kuibwa, kampuni iliirudisha.

Agosti 1914 vita kuu ilipozuka, Wamarekani wengi walikwama Ulaya. Mabenki yalifunga milango, na barua za benki zikakataliwa hata na hoteli kubwa. Serikali ya Marekani ilituma manowari Tennessee ikiwa na dhahabu kwa ajili ya raia wake. Ofisi za American Express zilizoendelea kulipa hundi zake siku hizo zilijijengea heshima ambayo tangazo lolote lisingeweza kuinunua. Amani inapokuwapo kila karatasi huonekana sawa na nyingine. Siku ya shida ndipo inapojulikana iliyo na mtu nyuma yake.

Stakabadhi ya hujaji

Kisa ninachokipenda kuliko vyote katika historia hii ni cha hija. Mpaka katikati ya karne ya 20 fedha ya Saudia ilikuwa riyali ya madini, na hujaji aliyebadilisha akiba yake alitembea Makka na Madina na mzigo wa fedha nzito kiunoni, katikati ya umati. Mwaka 1953 mamlaka ya fedha ya nchi hiyo, iliyokuwa imeanzishwa mwaka mmoja tu kabla, ilitoa stakabadhi za mahujaji. Hujaji alitoa fedha ya kwao, akapewa karatasi ya riyali 10 yenye maandishi ya lugha kadhaa za Waislamu, na riyali za madini zikawekwa akiba kwa ajili yake. Baadaye zikaja stakabadhi za riyali 5 na ya riyali 1.

Zilikusudiwa wageni na msimu wa hija. Lakini wenye maduka walizipokea, wakazitumia wao kwa wao, na hija ilipokwisha hawakuona sababu ya kukimbilia kuzibadilisha. Mwaka 1961 nchi ikatoa noti rasmi, na stakabadhi zikaondolewa katika miaka michache iliyofuata. Karatasi iliyotengenezwa kumpunguzia hujaji mzigo ndiyo iliyowafundisha wenyeji kuiamini noti.

Kadi na simu

Kilichofuata kilikwenda mbio. Mwaka 1950 Frank McNamara na wenzake walianzisha Diners Club huko New York, kadi iliyomwezesha mwanachama kula mgahawani na kulipa mwisho wa mwezi. Mwaka 1958 Bank of America ilitoa kadi yake, ambayo tangu 1976 inaitwa Visa. Mwaka 1967 benki ya Barclays ilifungua huko Enfield, London, mashine ya kutolea fedha. Ukizitazama vizuri, kadi hizi ni barua ya Aswan iliyofanywa plastiki: mpe anachotaka, deni niandikie mimi. Tofauti ni kwamba rafiki wa Aswan hakuomba ada. Kampuni za kadi humkata mwenye duka asilimia yake, na benki mara nyingi humkata mteja kwa kubadilisha fedha.

Kwetu, kuanzia miaka ya 1920 msafiri alitoka Kampala hadi Dar es Salaam na shilingi ileile ya Afrika Mashariki, na Unguja ikaingia katika shilingi hiyo mwaka 1936. Mwaka 1966 kila nchi ikawa na yake, na wabadilisha fedha wakajaa Namanga, Sirari na Busia. Ndipo Machi 2007 Safaricom ilipoanzisha M-Pesa nchini Kenya, na mwaka uliofuata huduma hiyo ikaingia Tanzania. Shaba ndogo ya India, iliyofika Unguja ili watu wapate chenji, iliingia ndani ya simu na jina lake lilelile.

Urahisi huu umekuja na mitego yake. Dukani Istanbul au London mashine huweza kukuuliza kama ulipe kwa fedha ya pale au kwa shilingi zako. Shilingi huvutia kwa kuwa unaijua, lakini ukiichagua, kiwango kinapangwa na upande wa muuzaji, na mara nyingi ni kibaya kuliko cha benki yako. Chagua fedha ya mwenyeji. Huu ni ushauri wa Sheikh Hashid katika nguo mpya. Kadi moja nayo haitoshi, kama vile ushanga wa rangi moja haukutosha kuvuka Ugogo, Unyamwezi na Ujiji. Beba noti kidogo za mahali unakokwenda, kadi ya pili katika begi lingine, na namba ya mtu wa kumpigia yote yakikataa.

Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika, na katika baadhi ya visa hivi ndilo lililookoa roho. Kabla Nasir Khusraw hajaondoka Aydhab, majibu yalirudi kutoka Aswan. Rafiki yake alikuwa ameiona hati ya unga. Alimwandikia wakala kwamba ampe Nasir chochote zaidi atakachokitaka, na kama mali ya Aydhab haitoshi, wakala atoe katika yake mwenyewe, naye atamlipa.